Bia Yangu Iliyonukia Wodi

Wiki mbili kabla sijaliweka sufuria la kupikia bia jikoni, majirani zangu wa Mwanga, hapa Kigoma mjini, walikuwa wamekwisha kuchoka kunisikiliza nikihutubia juu ya maji. Nilikuwa nimesoma kwamba bia ya rangi ya dhahabu iliyopikwa Pilsen, katika Ucheki ya leo, mwaka 1842 iliyafaidi maji ya huko yasiyo na madini mengi. Kwamba maji ya Burton upon Trent, Uingereza, yana jasi, madini yanayokoleza uchungu wa hopsi, yaani maua yanayoipa bia ukali wake. Na kwamba wapika bia wa Dublin waliokolewa na kimea kilichokaangwa hadi kikawa cheusi, kwa kuwa asidi yake huyatuliza maji yao magumu. Shemeji yangu, mvuvi wa dagaa wa Kibirizi, aliponishauri tuchote maji ya ziwani tusilipe hata senti, nilimsomesha saa nzima kuhusu Tanganyika, kina chake cha mita 1,470 na pH yake (kipimo cha asidi na magadi, ambapo 7 ni katikati) inayokaribia 9, yaani upande wa magadi, ambayo si rafiki wa kimea cheupe. Alisinzia akiwa ameshika kikombe.

Kumbe hayo yote hayakunihusu. Mimi nilikuwa na kopo la kimea kizito kama asali, ambacho madini yake yalikwisha kuingia humo kiwandani, na anayeanza kwa kopo la namna hiyo hana haja ya kuhangaika na jasi. Ayanuse tu maji yake kama yana harufu.

Yangu yalikuwa nayo. Yalitoka bombani yakinukia klorini, nami, kwa kuwa ulikuwa msimu wa matangazo ya kipindupindu na mimi ni mtu wa tahadhari, nikaongeza dawa ya maji, nayo ni klorini vilevile. Maelezo ya chupa yalisema kifuniko kimoja kwa ndoo. Nikamimina viwili, kisha nikakitazama kile kifuniko kidogo cha buluu, nikakionea huruma, nikamimina cha tatu. Nilichemsha lita 5 pamoja na kimea, na lita 15 za maji yangu matakatifu nikaziongeza mbichi. Hamira, namshukuru Mungu, haikufa. Povu lilipanda siku ya pili, nami nikamwita mke wangu aje alione.

Baada ya majuma manne nilifungua chupa ya kwanza mbele ya wageni. Rangi ilikuwa nzuri, povu lilisimama. Shemeji alipiga funda moja, akanyamaza, kisha akauliza kwa adabu kubwa, “Shemeji, hii ni ya kunywa au ya kuoshea kidonda?” Nikamgeukia mama jirani, mhudumu wa wodi aliyestaafu, nikitumaini huruma ya mtu mzima. Alinusa, akaonja, akafumba macho kama aliyekutana na rafiki wa zamani.

“Mwanangu,” akasema, “mimi hiki nimekipigia deki miaka 28.”

Mkosaji alikuwa klorini, ambayo ikikutana na fenoli, kemikali zilizomo katika kimea na zile zinazotokana na hamira, huzaa klorofenoli, yenye harufu ya dawa ya hospitali, na ulimi wa binadamu huitambua hiyo hata ikiwa mikrogramu chache tu kwa lita. Ningeyachemsha maji yote, au hata kuyaacha wazi usiku kucha, klorini ingeondoka yenyewe. Iliyo sugu ni kloramini, klorini iliyochanganywa na amonia, inayotumika katika baadhi ya miji duniani, ambayo huondolewa kwa kidonge cha metabisalfiti. Mimi nilikuwa na klorini ya kawaida kabisa, tena ya kujitakia.

Chupa zilizobaki zilikuwa 31. Mama jirani aliomba mbili, akasema haifai kuitupa dawa nzuri, akaenda kuzipigia deki ukumbini kwake. Kesho yake asubuhi alirudi na chupa tupu na malalamiko: sakafu ilikuwa inanata, na sisimizi walikuwa wamepanga foleni kutoka mlangoni hadi chini ya kochi.