Kabla ya Kuwagombeza Wanaochanganya Taka

Matangazo mengi yanayotuhimiza kutenganisha taka nyumbani yana sauti ya mzazi aliyekasirika. "Watu wengi bado wanachanganya taka!" Nia ni njema kabisa. Lakini msomaji anaambiwa mambo mawili kwa mpigo: kwamba kuchanganya taka ni kosa, na kwamba karibu kila mtu anachanganya. Naamini hilo la pili ndilo linalomkaa kichwani.

Mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walilipima jambo hili katika hifadhi ya Petrified Forest huko Arizona, Marekani, ambako wageni walikuwa wakiondoka na vipande vya miti ya kale iliyogeuka mawe. Mahali palipowekwa kibao cha kulalamika kwamba wageni wengi waliotangulia wamechukua vipande, wizi ulikuwa mkubwa kuliko palipowekwa kibao kilichoomba tu visichukuliwe.

Kwa taka zenyewe, jaribio ninalolirudia mara kwa mara ni la Wesley Schultz, lililochapishwa mwaka 1999, pia kutoka Marekani. Kaya zilitundikiwa mlangoni karatasi zenye ujumbe tofauti. Zilizoambiwa majirani zao wanatenganisha kiasi gani ziliongeza bidii. Zilizopewa ombi tupu hazikubadilika sana. Binadamu huangalia jirani anafanya nini, na sioni aibu yoyote katika hilo.

Swali gumu linakuja hapa: vipi kama wanaotenganisha ni wachache kweli? Kudanganya haifai, maana watu wanaona mapipa ya wenzao. Sema basi kwamba idadi inapanda, kama inapanda. Utafiti wa Gregg Sparkman na Gregory Walton wa mwaka 2017, uliohusu kupunguza kula nyama, ulionyesha kwamba kusikia wengine wameanza kubadilika huwasukuma watu hata kama waliobadilika bado si wengi.

Kisha tuache maneno makubwa. "Tunza mazingira" hayamwambii mtu aliyesimama jikoni na kopo mkononi alitupe wapi. Mweleze kilicho karibu naye: makombo yakilowanisha karatasi, karatasi hiyo haifai tena kurejelezwa, kopo la alumini likiyeyushwa upya huokoa takriban asilimia 95 ya nishati ambayo ingetumika kutengeneza alumini mpya kutoka kwenye madini. Mabaki ya chakula yakifukiwa dampo bila hewa hutoa methani, gesi inayochangia sana joto la dunia. Na si kitu kidogo, kwani ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba chakula na majani ni asilimia 44 ya taka za majumbani na mijini duniani. Ndiyo maana mimi ningeanza na ndoo moja tu ya taka zinazooza, yenye mfuniko, kabla ya kumkabidhi mtu mapipa manne ya rangi nne na kumwacha akikuna kichwa.

Anayesema naye ana uzito wake. Jirani anayegonga mlango na kueleza jinsi anavyofanya kwake ana nguvu kuliko bango lililochapwa vizuri, kwa sababu anaweza kuulizwa: je, inanuka? Inachukua muda gani? Na mfuko huu nauweka wapi?

Lakini ushawishi wote huo unakufa siku moja tu, siku mtu anapochungulia dirishani na kuona gari la taka likimwaga ndoo zote mbili mahali pamoja. Nimewasikia watu wakiitwa wavivu baada ya kuona hivyo, na nadhani wameonewa. Mwenye kuandaa kampeni aanze kwa kufuata lile gari mpaka mwisho wa safari yake. Akikuta taka zinachanganywa huko, aahirishe bango, akae kwanza na wenye gari. Akikuta zinafika salama, basi awarudishie watu habari hiyo mwezi kwa mwezi: makombo yenu yamekuwa mboji, nayo imekwenda shamba fulani.