Boston hawakufeli msimu mzima

Nimesoma makala moja inayouita msimu wa 2022–23 wa Boston Bruins, timu ya hoki ya barafu ya Marekani, kuwa ni wa aibu kwa sababu walitolewa katika raundi ya kwanza ya mtoano, nami sikubaliani na mwandishi. Timu iliyoshinda michezo 65 kati ya 82 na kukusanya pointi 135, rekodi katika NHL, ligi ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini, haiwezi kupimwa kwa wiki mbili za mwisho peke yake. (Huko ushindi huleta pointi 2, na anayefungwa katika muda wa nyongeza hupata 1, tofauti na tulivyozoea kwa Simba na Yanga.)

Lawama ipo, lakini mahali pengine. Katika raundi hiyo ya kwanza, ya michezo isiyozidi saba, Boston waliongoza kwa michezo 3 kwa 1 dhidi ya Florida Panthers, waliokuwa nyuma yao kwa pointi 43. Mchezo wa saba, wa kuamua, niliutazama hapa Sinza usiku wa kuamkia Mei Mosi, simu nikiwa nimeiegemeza kwenye jagi la maji; Boston walikuwa mbele 3–2 hadi ikabaki takriban dakika moja, wakasawazishiwa, kisha Carter Verhaeghe akawamaliza katika muda wa nyongeza. Msimu mzima makipa Linus Ullmark na Jeremy Swayman walikuwa wakipokezana, lakini katika mtoano Ullmark alianzishwa mara sita mfululizo, na Swayman akaitwa siku ya saba, maji yakiwa yamekwisha kufika shingoni.