Pointi za Mtaroni

Kila Desemba ikikaribia, lori hufika mtaani. Watoto hupangwa foleni, huvishwa fulana zenye nembo ya kampuni, picha hupigwa, na ikifika saa tisa alasiri lori limeshaondoka. Sina ugomvi na fulana. Ugomvi wangu ni na neno "matumaini" lililoandikwa kwenye bango, kana kwamba nayo hushushwa pamoja na mzigo.

Nikiliona neno hilo huikumbuka Mathare, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, mwaka 1987. Watoto walikuwa na uwanja wa vumbi na mpira wa nailoni zilizofungwa kwa kamba. Bob Munro, Mkanada aliyekuwa akiishi Nairobi, akashirikiana na vijana wa pale kuanzisha ligi, na ndivyo kilivyozaliwa MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare. Hadi hapo hakuna la ajabu, ligi za watoto ziko tele. Kilichokuwa kigeni ni kanuni: timu hupata pointi kwa kushinda mechi, na hupata nyingine kwa kusafisha mtaa. Vijana hushika reki na sepetu, huzoa taka, huzibua mitaro, na jasho hilo huingia kwenye msimamo wa ligi. Unaweza kumfunga mwenzako uwanjani, naye akakupita kwenye jedwali kwa sababu nyinyi hamkutokea mtaroni.

Naupenda ukali wa kanuni hiyo. Haimuulizi mtoto ana shida gani; inamuuliza siku ya usafi alikuwa wapi. Kwa mtoto aliyezoea kuhesabiwa pamoja na matatizo ya mtaa, kuambiwa kwamba asipofika timu nzima itashuka ni heshima ya aina yake.

Wapo wanaosema huku ni kuwatwika watoto kazi ya baraza la jiji. Wana hoja, wala sina jibu la kuwamaliza. Taka za Mathare hazikurundikana kwa uvivu wa watoto. Magari ya taka hayakuwa yakiingia vichochoroni, basi. Na Muthaiga, mtaa wa matajiri, uko hapo jirani. Huko hakuna mtoto anayetafuta pointi kwa kuzibua mtaro. Hiyo ni dhuluma, na pointi haziifuti. Lakini aliyeingia mtaroni akiwa na miaka 12 anajua kilichouziba na anajua nani hakufika kuuzibua. Akifika miaka 25, mgombea anayeahidi kusafisha mto wa mtaani atakuwa na kazi ngumu ya kumshawishi.

Mengine yalifuata. Wasichana waliingia ligini miaka ya tisini, ingawa nyumbani waliachiwa wadogo zao na kuchota maji. Vijana wakawa marefa, makocha na viongozi wa kuchaguliwa, na waliojitolea zaidi wakalipiwa karo ya shule. Mathare United, timu iliyochipuka humo, ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008. Kombe ndilo husimuliwa sana, na naelewa kwa nini, ila mimi hunivutia zaidi kijana wa miaka 16 mwenye filimbi, anayemtoa nje mchezaji aliyemzidi kimo, na mchezaji yule akatoka.

Kampuni ikitaka kuleta fulana, ilete. Ila ije siku ya usafi, asubuhi, na wakubwa wake waje na sepetu zao. Kamera zikitaka kuja, mtaroni pana nafasi.