Kabla hujanunua lobedi, lala chini yake kwanza

Rafiki yangu mmoja wa Kasulu anataka kuingia kwenye kazi ya kuhamisha mitambo kwa lobedi, yale matela ya bodi ya chini. Juzi kanipigia simu nikiwa hapa Tabora. "Kaka, nimepata lobedi. Ubavuni imeandikwa tani 60. Nichukue?" Nikamuuliza ina matairi ya ukubwa gani. Kimya. Rampu za kupandishia mtambo zina urefu gani? "Za kawaida tu." Na busta za breki, yale makopo ya upepo yanayobana breki? Hapo akacheka, akasema hayo ni mambo ya fundi.

Si mambo ya fundi. Ni mambo ya anayetoa hela, na ya dereva anayekwenda kulala chini ya mzigo ule usiku. Ninachokiona kila siku ni kwamba watu wananunua ekseli (mihimili ya magurudumu), breki na rampu kama vitu vitatu, wakati ni kitu kimoja. Ukichagua tairi tayari umechagua ukubwa wa dramu ya breki, kimo cha bodi, na mlima ambao kijiko, mtambo wa kuchimba, kitaupanda kuingia juu.

Hizo tani 60 muuzaji kazitoa wapi? Ekseli tatu, kila moja kiwanda kimeigonga namba ya tani 13, nyingine hata 16. Anajumlisha, anaongeza na uzito unaolalia kichwa, yaani lori linalovuta, anachukua rangi na brashi. Lakini hiyo ni nguvu ya chuma. Barabara ina hesabu yake. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, inaruhusu kundi la ekseli tatu zenye matairi pacha kubeba tani 24, na ekseli mbili tani 18. Chukua kichwa cha ekseli tatu: mbele tani 8, nyuma 18. Ukivuta tela la ekseli tatu unafika tani 50, hata kama kikomo cha gari zima kimeandikwa 56. Toa kichwa tani 9 hivi, toa tela tani 12, unabaki na 29. Kijiko kama Caterpillar 320, tani 20 na ushee, kinakaa bila wasiwasi. Tingatinga la D8, linalokaribia tani 40, linataka ekseli zaidi na kibali cha mzigo maalumu. Tela la ekseli mbili mimi silitaki kabisa kwa kazi hii, hata kwa bei ya kutupwa.

Sasa matairi. Lobedi nyingi zilizotumika Ulaya zinakuja na matairi madogo, 235/75R17.5. Uzuri wake ni kwamba bodi inakaa chini, mtambo unapanda kirahisi na haugusi nyaya. Ila ndani ya ringi ndogo inaingia dramu ndogo, na dramu ndogo inapata moto upesi. Halafu tairi lenyewe ukipasukiwa Kaliua hulipati dukani. Tairi kubwa la 22.5 unalipata karibu kila mji wenye malori, na dramu yake ni pana, lakini mkia wa tela unanyanyuka hadi mita 1.1 hivi. Mimi nachagua kubwa, kisha nalipia rampu ndefu. Wanaochukua dogo siwalaumu kama wanafanya kazi ya lami tupu.

Urefu wa rampu wengi wanauona kama pambo, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo. Mkia wa mita 1.1 na rampu za mita 2.5 ni mteremko wa nyuzi 26. Hiyo ni ukuta. Rampu za mita 3.5 zinakushusha hadi nyuzi 18. Mkia wa sentimita 90 na rampu hizo hizo unakupa nyuzi 15, na hapo opereta anapumua. Sisi huku tunapunguza kimo kwa njia zetu, tunarudisha tela hadi kwenye kichuguu kilichosawazishwa kwa ndoo ya kijiko. Vichuguu Tabora havijaisha, lakini huwezi kupanga biashara juu ya vichuguu.

Mwaka juzi, mvua za Machi, tulikuwa tunapakia kijiko karibu na Usinge. Udongo mweusi wa mbuga ulikuwa unanata kwenye cheni zinazokitembeza. Rampu zilikuwa fupi, chuma tupu. Opereta akapanda taratibu. Cheni zilipofika katikati, uzito wote ukawa nyuma ya ekseli. Mkia ukazama, shingo ya tela ikanyanyuka ikakivuta kichwa juu. Nilikuwa nimesimama usawa wa matairi ya nyuma ya kichwa, nikayaona mashavu yaliyobonyea yakinyooka mbele ya macho yangu. Handibreki ilikuwa imeshika magurudumu ambayo hayana uzito. Na tela halikuwa na busta za springi. Mwenye nalo wa kwanza aliziondoa akaweka za kawaida kwa kuwa ni za bei nafuu, kwa hiyo breki zake zilishikwa na upepo peke yake, na upepo ulishavuja wakati tunapanga rampu. Gari zima likateleza mbele kama mita moja, bila sauti yoyote. Rampu ya kushoto ikachomoka kwenye pini. Opereta aliwahi kushusha ndoo ikazama kwenye udongo, na ndoo ile ndiyo iliyokizuia kijiko kisilale. Alishuka, akakaa pembeni, hakusema neno mpaka utingo alipomletea maji.

Ndiyo maana naposema busta za springi, siombi anasa. Ndani yake kuna springi nene ambayo upepo ndio unaoiachia. Upepo ukiisha, springi inabana. Ziwe kwenye ekseli mbili angalau, na mimi nazitaka zote tatu. Chini ya mkia weka miguu ya kuegemea, au magogo mazito kila unapopakia, bila kukosa. Juu ya rampu funga mbao ngumu. Sisi tunatumia mninga, kwa sababu cheni ya chuma juu ya chuma chenye matope ni sabuni juu ya sabuni. Rola laini la kushindilia ndilo baya kuliko yote.

Springi zinazobeba tela ni jambo jingine, si zile za busta. Za upepo ni nzuri kwa mtambo na kwa barabara, sikatai. Kwenye changarawe ya Sikonge, jiwe moja linatosha kutoboa mpira wake, na hapo unalala. Nachukua springi za chuma.

Nirudi kwenye breki, maana Tabora inatudanganya. Kutoka hapa hadi Malagarasi ardhi ni tambarare, unaweza kuvuta tela lisilo na breki nusu ya magurudumu na usijue. Ukifika Kigoma ndipo unajua. Nimeshuka kutoka Kalinzi kwenda Mwandiga nikiwa na greda nyuma, gia ndogo, mara utingo akasema, "Mzee, nyuma kunanuka." Tuliposimama, dramu ya ekseli ya kati ilikuwa inatoa moshi. Nikaingia chini. Hosi ya upepo ya ekseli ya nyuma ilikuwa imekunjwa na kufungwa kwa kipande cha tyubu na waya, kwa sababu busta yake ilikuwa inavuja. Fundi aliyelifanya hilo hakuniambia. Ekseli mbili zilikuwa zinafanya kazi ya tatu. Gari na mzigo wake, tani 45 kwa jumla, likishuka mita 100 kwenda chini linazaa joto la kuchemsha ndoo sita za lita 20. Toa linalomezwa na injini na breki za kichwa; fungu la tela lilikuwa linaingia kwenye dramu nne badala ya sita.

Tangu siku ile sipandi gari kabla ya kuhesabu breki. Mtu anakanyaga breki, mimi niko chini natazama kijiti cha kila busta kinatoka kiasi gani. Kwa busta ya kawaida, namba 30, kikizidi inchi 2 hiyo breki inahitaji kukazwa. Hosi zote nazipitisha mkononi.

Tangu mkataba wa kujenga reli ya kisasa, SGR, ya Tabora hadi Kigoma usainiwe Desemba 2022, naona kila mwenye kichwa anatafuta lobedi, na wauzaji wanajua. Rafiki yangu nimemwambia asitoe hata shilingi ya kishika uchumba. Keshokutwa tunakwenda wote kuliona hilo tela. Nitabeba tochi, futi na kipande cha turubai cha kulalia, na nimemwomba muuzaji awe na mtambo wowote wa cheni hapo uwanjani, tuone unavyopanda.