Mzazi pembeni mwa uwanja: Columbus na Tanga

Nafundisha mpira watoto wa chini ya miaka 12 mjini Columbus, katika jimbo la Ohio, na jambo lililonishangaza tangu nianze kazi hii halikuwa nyasi zilizokatwa vizuri wala mipira mipya inayoletwa kwa magunia, bali ni kwamba kila mtoto huja na mzazi. Mzazi haji kwa sababu ni fainali au kwa sababu kuna mgeni rasmi wa kugawa zawadi. Kila siku ya mazoezi na kila Jumamosi ya mechi, mama au baba huteremka garini na kiti cha kukunja, akakaa pembeni mwa mstari na kutazama mpaka filimbi ya mwisho. Ndugu walioko nyumbani huniuliza kuhusu viwanja na vifaa, nami huwajibu kwamba tofauti kubwa kati ya soka la watoto la huku na la kwetu ni mahali anapokaa mzazi.

Mimi ni mtoto wa Tanga, wa Ngamiani, ambako barabara zinaitwa kwa namba na kila barabara ilikuwa na timu yake. Tulicheza baada ya chuo cha Kurani hadi adhana ya Magharibi, magoli yakiwa kandambili na mpira ukiwa matambara yaliyosokotwa ndani ya mifuko ya nailoni na kukazwa kwa kamba. Kona tatu zilikuwa penalti, mwenye mpira hakuwekwa nje hata kama hakujua kuupiga, na aliyepigwa tobo, yaani kupitishiwa mpira katikati ya miguu, alichekwa wiki nzima. Mtu mzima pekee aliyefika pale alikuwa amekuja kumtafuta mwanawe, na mkononi hakushika maji ya kunywa. Kwa wazazi wengi wa kizazi kile mpira wa mtoto ulikuwa uhuni, ingawa mzee yule yule aliyenichapa kwa kuchelewa kurudi alikuwa shabiki wa kufa wa Coastal Union, klabu ya Tanga, na ubingwa wa ligi wa mwaka 1988 aliusimulia utadhani alifunga yeye.

Walikuwapo watoto wa Afrika Mashariki waliokulia katika nyumba zilizouheshimu mpira. Wachezaji wa Kenya McDonald Mariga na mdogo wake Victor Wanyama ni wana wa Noah Wanyama, aliyeichezea klabu ya AFC Leopards ya Nairobi. Mshambuliaji Divock Origi alizaliwa Ubelgiji kwa sababu baba yake, Mkenya Mike Okoth, alikuwa anacheza huko. Sisi wengine tulicheza kwa kuiba, na ninaamini vipaji vingi vilipotea si kwa kukosa kocha, bali kwa kukosa mtu mzima mmoja nyumbani wa kuuliza leo mmecheza na nani.

Kwa hiyo huku ninapomwona baba aliyetoka kazini na sare yake ya ghala akikaa kwenye baridi kumtazama mwanawe akipoteza mpira, ninamwonea wivu yule mtoto. Nyuma ya baba huyo kuna utaratibu mzima unaomchukulia mtoto kuwa mtoto. Tangu uamuzi wa shirikisho la soka la Marekani wa mwaka 2015, mtoto wa miaka 10 au chini ya hapo haruhusiwi kupiga mpira kwa kichwa. Wa umri ninaoufundisha hucheza tisa kwa tisa katika uwanja uliopunguzwa, ili kila mmoja aguse mpira. Kabla sijakabidhiwa timu nilichunguzwa rekodi zangu za polisi na kupitishwa katika mafunzo ya kuwalinda watoto dhidi ya unyanyasaji, jambo ambalo ningependa kuliona likifanyika kwa kila anayejiita kocha kwetu. Mechi ikiisha, washindi na walioshindwa hupanga mstari kupeana mikono, kisha wazazi husimama safu mbili, mikono juu, watoto wakapita katikati wakishangiliwa, na familia ya zamu hufungua chombo cha machungwa yaliyokatwa.

Binti yangu naye hucheza, na hakuna anayeliona hilo kuwa jambo la kujadiliwa. Nilipokuwa mdogo, dada zangu walikuwa na akili ya mpira kuliko mimi lakini mwisho wao ulikuwa kibarazani. Nimefurahi kwamba kwetu ukuta huo unabomoka: mwaka 2022 Serengeti Girls, timu ya taifa ya wasichana ya Tanzania, walikwenda India kwenye Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 17, wakaifunga Ufaransa na kufika robo fainali. Ningependa kujua ni wangapi kati yao ambao wazazi wao waliwahi kuwaona wakicheza kabla ya televisheni.

Lakini uwepo huu wa wazazi una bei, na bei ya kwanza ni fedha. Klabu za ushindani kwa kawaida hudai zaidi ya dola 1,000 kwa mwaka, kabla ya kuhesabu viatu, mafuta ya gari na hoteli za mashindano. Katika nchi hii tajiri, mchezo ambao kwetu ulikuwa wa maskini umekuwa wa wenye nafasi. Halafu kuna wikiendi, ambayo huliwa yote. Tunaendesha gari hadi Cincinnati au Cleveland kwa mechi inayochukua saa moja tu, na mara nyingi ni Jumapili. Mama mmoja Mkongo, mwenyeji wa Uvira, ambaye mwanawe ndiye beki wangu bora, aliniambia kwa upole ambao haukuacha nafasi ya kubishana: “Kocha, Jumamosi ni yako, Jumapili ni ya Mungu.” Nikampanga beki mwingine.

Bei nyingine haionekani kwenye risiti. Nina winga mdogo mwenye miguu ya ajabu, ambaye akimkabili beki husita nusu sekunde na kutupa jicho pembeni. Hapo mimi nimemwambia apige chenga, baba yake anapiga kelele atoe pasi, bibi yake anataka apige golini, na nusu sekunde hiyo inatosha kwa beki kuuchukua mpira. Mechi ikiisha, huingia garini, na njia nzima ni maswali: kwa nini hukurudi kukaba, kwa nini hukupasia. Sisi Ngamiani tulirudi kwa miguu, tukibishana kuhusu bao lile kama liliingia au lilipita juu ya kandambili, na ubishi ulikwisha kabla ya kufika mlangoni kwa sababu nyumbani haukupaswa kusikika. Tulikuwa hatuna wa kutushangilia, lakini pia hatukuwa na wa kututathmini.

Mwaka huu niliwaomba wazazi wa timu yangu waniachie Ijumaa, wasikae pembeni. Kanuni za ulinzi wa watoto haziniruhusu kuondoka, na ni sawa, kwa hiyo mimi na msaidizi wangu hukaa mbali, bila filimbi, tukiwa tumewaachia mpira na koni nne. Mara ya kwanza walisimama tu wakinitazama, wakisubiri kupangwa. Mmoja akauliza timu ni zipi, nami sikujibu. Baadaye walichaguana wenyewe, wakagombana juu ya mpira uliopita juu ya koni, wakapatana, na binti yangu akawaletea sheria ya kona tatu penalti, aliyoipata kwa binamu zake Tanga likizo iliyopita. Winga yule siku hiyo alipiga chenga mpaka wenzake wakamkasirikia, na walimwambia wenyewe.

Nyumbani, naona tunaelekea kuchukua cha huku kwa mpangilio usio sahihi. Kwa ajili ya AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, ya mwaka 2027, itakayoandaliwa na Tanzania, Kenya na Uganda, viwanja vikubwa vinajengwa na kukarabatiwa, huku viwanja vya wazi vya mitaani vikigeuzwa maduka na maegesho ya magari. Akademi za kulipia zinaongezeka mijini. Hivyo tumeanza na ada, na mtoto wa asiye na ada tunamwondolea hata mahali pa kuweka kandambili zake.

Kaka yangu amemwandikisha mwanawe kwenye akademi moja, humpeleka kila Jumamosi kwa pikipiki na kumsubiri hadi mwisho, jambo ambalo baba yetu hakulifanya hata mara moja. Juzi alinipigia kuuliza amfanyishe zoezi gani ili mguu wa kushoto uamke. Nilimwambia asimfanyishe lolote. Ampeleke, akae, anyamaze, na siku nyingine za wiki amwache aende kwa miguu kucheza na wenzake. Hakuridhika na jibu hilo, na ninamwelewa, kwa sababu ada ya muhula mzima ameshailipa.