Mlima hautadaka ribaundi

Tangu wageni wetu kutoka Dar washuke basi juzi jioni, maneno ya Mwanjelwa na Kabwe, hapa Mbeya, ni yaleyale: hawa watakata pumzi. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, wao wametoka ufukweni, kwa hiyo nusu fainali ya kesho ya kikapu ya vyuo watu wameshaimaliza vijiweni. Hesabu hiyo inanitia hofu.

Ina ukweli, sikatai. Hewa ya huku ni nyepesi, na aliyepanda juzi hajaizoea. Jana niliwatazama mazoezini; gadi wao anayepandisha mpira alikuwa anashika magoti kila baada ya mbio mbili tatu. Lakini kikapu si soka. Robo ni dakika 10, mapumziko ya katikati dakika 15, na kocha anabadilisha wachezaji kadiri apendavyo. Timu yenye watu 12 wanaojua kazi inagawana uchovu, na hawa benchi wanalo.

Anayeninyima usingizi ni senta wao. Vijana wetu wote wanamfika begani, halafu hana papara. Akipokea mpira karibu na ringi, mgongo kwa kikapu, anageukia bega la kushoto na kumalizia kwa mkono wa kulia. Mara moja tu nilimwona akijaribu upande wa pili, akakosa vibaya.

Wengi wanataka tukabe mtu kwa mtu tangu mwanzo ili tuwachoshe. Faida yake naiona, ila huyo atakayepewa senta atakuwa na faulo tatu kabla ya mapumziko, na ya tano inamtoa. Zoni, yaani kila mmoja kulinda eneo lake badala ya mtu, wawili mbele na watatu nyuma, inamzingira vizuri zaidi, tena tunaweza kumzibia lile bega. Ubaya wake inaacha pembe wazi, na wanaye kijana anayetupa pointi tatu bila kusitasita.

Hapo mimi nauwazia uwanja wetu. Ni wa saruji, hauna paa, na jioni upepo unashuka kutoka mlima Loleza. Jana saa nane yule kijana alikuwa anafunga tu. Ilipokaribia saa kumi, mipira yake ikaanza kugonga chuma na kurukia mbali. Mechi ni saa kumi. Ningeanza na zoni, nimwache atupe, kisha robo ya nne niwabane uwanja mzima. Wana sekunde 8 tu za kuvuka katikati, na gadi wao wakati huo miguu itakuwa mizito.

Lakini mpira uliogonga chuma, yaani ribaundi, bado unataka mtu wa kuudaka. Mechi iliyopita vijana wetu walisimama wakiutazama hewani, wapinzani wakatupa mara ya pili, hata ya tatu, tukaponea kikapu kimoja cha mwisho. Mazoezi ya leo jioni ningeyatumia kwa hilo tu: mpira ukiondoka mkononi mwa mtupaji, kila mmoja amtafute mtu wake, ampe mgongo, amzuie, ndipo atazame juu.