Daktari akifundishwa kufundisha, mwanafunzi anapata nini?

Mwalimu wa darasa la tatu lazima asomee ualimu. Anayefundisha upasuaji chuo kikuu huenda hajawahi kukaa hata siku moja kwenye somo la ualimu. Kilichomsimamisha mbele ya wanafunzi ni ubingwa wake. Ndiyo maana warsha za kuwanoa madaktari katika ufundishaji zimeenea duniani. Je, zinasaidia?

Wanaozitetea wana ushahidi. Mwaka 2006, Yvonne Steinert wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, na wenzake walipitia machapisho 53 kuhusu mafunzo hayo. Washiriki waliyafurahia, walisema wameongeza ujuzi, na wengi wakaeleza kuwa wamebadili namna wanavyofundisha. Mapitio yaliyofuata mwaka 2016, ya tafiti 111, yalitoa picha inayofanana.

Shaka inaanzia hapohapo. Sehemu kubwa ya ushahidi huo ni kauli ya mshiriki mwenyewe, na aliyelipiwa hoteli nzuri, akapewa cheti (na posho, tusifichane), ni nadra kusema alipoteza muda. Tena anayejiandikisha kwa hiari mara nyingi ni yule aliyekuwa akijali kufundisha tangu awali. Tafiti zilizowafuatilia wanafunzi ni chache, na zilizofika kwa mgonjwa ni chache zaidi.

Hata hivyo, siwezi kuzikataa warsha hizi. Ipo mbinu ya hatua tano iliyochapishwa Marekani mwaka 1992 kwa ajili ya kufundishia penye wagonjwa. Mwanafunzi anatakiwa kwanza aseme anadhani mgonjwa anaumwa nini, kisha aeleze kwa nini. Mwalimu anamfundisha kanuni moja tu, anamwambia alichopatia, anamrekebisha alipokosea. Mwaka 2001 jaribio la Marekani liliwagawa kwa bahati nasibu, katika makundi mawili, madaktari waliokuwa wakisomea ubingwa huku wakifundisha wanafunzi. Waliofunzwa mbinu hiyo kwa muda wa saa moja hivi walipewa alama bora na wanafunzi wao katika vipengele kadhaa. Alama za wanafunzi si sawa na matokeo ya mtihani, lakini angalau hapa anayesema si mwalimu mwenyewe.

Kwa maoni yangu, tatizo kubwa liko wadini. Bingwa anarudi kutoka warshani na kukuta kundi la wanafunzi limezunguka kitanda kimoja, wa nyuma hawasikii, na foleni ya kliniki inamngoja. Cheo chake chuoni kinategemea zaidi machapisho kuliko raundi (mzunguko wa kuwaona wagonjwa wadini) aliyoifundisha vizuri. Katika hali hiyo hata mbinu nzuri huachwa baada ya wiki chache, kisha warsha ndiyo inayolaumiwa.

Ningekuwa mkuu wa idara, fedha za hoteli za warsha ningezihamishia kwa daktari mmoja aliyefunzwa vizuri kufundisha, aingie raundi na bingwa mwenzake mara kwa mara, amtazame anavyouliza maswali, kisha wakae robo saa wazungumze. Na ripoti ya huyo mtazamaji iingie kwenye faili la bingwa la kupandishwa cheo.